Mwanachuo wa Mwese na Ukumbi wa Kwanza: Nani Alitufundisha Kukaa Kimya?

Wadau, leo tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani. Kuna jambo dogo linawapata vijana wengi wakifika chuo, halafu wanalimezea kwa aibu. Nataka tulichimbue, kwa sababu chini yake kuna historia nzito kuliko unavyodhani.

Kila vyuo vikifunguliwa, miji mikubwa inapokea vijana kutoka mikoa ambayo ukiitaja mtu anauliza "ni wapi huko?" Katavi ni mmojawapo. Na ndani ya Katavi kuna Mwese. Chukua binti wa mwaka wa kwanza aliyetokea huko. Jina simpi, maana wako wengi. Wenzake wa hosteli wanamwambia Jumamosi kuna igizo la jukwaani, twende. Anajipiga pamba, anakata tiketi, anaingia. Halafu maswali madogo yanaanza kumkaba. Makofi yanapigwa katikati au mwishoni? Mtu akicheza vizuri unaruhusiwa kunyanyuka ukamtunze, au utatolewa nje? Kwa nini watu wote wamenyamaza kama wako msibani?

Wajuaji wa hosteli wataita huo ushamba. Mimi nakataa. Huyo binti ameona sanaa za maonyesho tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Kilicho kigeni kwake ni jengo, viti na ukimya. Na hivyo vitatu vina wenyewe, vina tarehe, na vina sababu ya kuwa hivyo.

Mwese siyo mahali pasipo na jukwaa

Tuanze nyumbani kwao. Mwese ni nchi ya milima na ubaridi, wilaya ya Tanganyika, upande wa kuelekea ziwani. Mkoa wenyewe ni mchanga, ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Wenyeji wa kale wa maeneo hayo ni Wabende na Watongwe, na ukizunguka Mpanda utawakuta Wakonongo na Wapimbwe.

Katikati ya miaka ya 1960 walifika watu wengine kabisa. Wanyarwanda waliokimbia mauaji na misukosuko ya kwao walitengewa ardhi Mwese. Wapo waliokuwa wamekimbilia kwanza Kivu, Congo, wakapandishwa ndege Goma hadi Tabora, kisha wakasafirishwa kwa barabara mpaka milimani. Mwaka 1980 serikali yetu ikatoa uraia kwa Wanyarwanda wapatao 36,000 nchini, jambo ambalo dunia ya wakati ule ililishangaa.

Haikuishia hapo. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 kule Burundi, Katumba ikafunguliwa karibu na Mpanda, na mwaka 1978 ikafuata Mishamo. Watu wa makazi hayo na ya Ulyankulu kule Tabora, zaidi ya 160,000, nao wakaja kupewa uraia wa Tanzania, vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Ongeza Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao kutafuta malisho na mashamba. Mkoa mmoja, ngoma za nchi tatu.

Sasa fikiria kila kundi lilibeba nini. Mkimbizi habebi kabati. Wanyarwanda wana intore, ngoma ya mashujaa wa ikulu ya mfalme, yenye nywele za katani kichwani na njuga miguuni. Vikundi vya wakimbizi wa Kinyarwanda kule Burundi na Uganda viliitumia ngoma kuwafundisha watoto waliozaliwa ugenini kwamba wana kwao. Warundi wana ngoma kubwa za kifalme, zile zinazobebwa kichwani, ambazo mwaka 2014 UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Na Wasukuma? Hawa ndio wa kuwaangalia vizuri, kwa sababu wana kitu ambacho ukumbi wa kisasa hauna. Kwa zaidi ya miaka 100 wachezaji wao wamegawanyika kambi mbili, Bagika na Bagalu. Mashindano yakifika, vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja uleule, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji wa kwenye meza wala kadi za alama. Watu ndio waamuzi, wanahama kwa miguu. Upande uliojaza watu ndio ulioshinda. Ndiyo maana mtu anakuja na chatu, mwingine na nungunungu, ilimradi asikimbiwe.

Kwa hiyo kijana aliyekulia Katavi anajua jambo moja kwa damu: mtazamaji ana nguvu. Akichoka, anaondoka. Akifurahi, anaingia uwanjani. Mpeleke huyo mtu kwenye kiti chenye namba, mwambie atulie saa mbili. Lazima ashangae.

Viti vyenye namba vililetwa na nani?

Kabla ya kumbi, pwani yetu na miji ya reli ilikuwa na beni. Ilianza pande za Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, watu wakiiga gwaride la kizungu kwa tarumbeta na sare, wakigawanyika vyama kama Marini na Arinoti. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, askari na makarani wakaisambaza bara, mpaka miji ya magharibi. Beni ilichezwa barabarani na viwanjani. Haikuhitaji paa.

Ukumbi wa maigizo wenye pazia ulikuja na Waingereza, na ulikuja kwa ajili yao. Miaka ya mwisho ya 1940 wazungu wa Dar walianzisha Little Theatre yao ili waigizane michezo ya kwao. Nairobi, Kenya National Theatre ilifunguliwa mwaka 1952. Kampala nao wakapata jumba lao mwaka 1959. Zile kanuni zote za kukaa kimya, kuvaa nadhifu na kusubiri pazia zilikuwa adabu za tabaka fulani, London, zilizosafirishwa pamoja na viti.

Waafrika wa Dar walikuwa na mahali pengine. Mwaka 1952 kilifunguliwa kituo cha jamii cha Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, kwa fedha za tajiri wa Kigiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Hapo kulikuwa na masomo, mikutano na dansi. Na kama unatokea Mpanda, mji wako wa starehe wa kwanza ulikuwa Tabora. Treni ile ya Kaliua na Mpanda ilijengwa na mkoloni ili kutoa madini ya risasi, siyo kukupeleka disko. Lakini reli ikishawekwa haichagui abiria. Tabora ilikuwa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, na kijana wa Katavi aliyeshuka pale alikutana na gitaa la umeme kabla hajaiona bahari.

Angalia tofauti. Kwenye dansi na ngoma, mlipaji anashiriki. Kwenye ukumbi wa pazia, mlipaji anatazama. Tabia hizo mbili zimegombana nchini kwetu mpaka leo.

Uhuru ukaja na swali

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisema, kwa maana, kwamba wasomi wetu walifundishwa dansi za kizungu wakazimudu, lakini ni wangapi wanaoweza kucheza gombesugu, mangala, kiduo au lelemama? Swali hilo lilikuwa kofi kwa wasomi. Wanachuo wa leo nao bado linawahusu.

Serikali ikaunda kikundi cha taifa cha ngoma. Vijana wengine wakapelekwa China kujifunza sarakasi, ndiyo maana mpaka leo mtoto wa uswahilini akijikunja kwenye pete ya moto anaonekana kama anafanya kitu cha asili. Mwaka 1967 Chuo cha Dar es Salaam kikaanza kufundisha sanaa za maonyesho. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akachapisha Kinjeketile, igizo kuhusu Vita ya Majimaji ya 1905 hadi 1907. Penina Muhando naye akaja na Hatia mwaka 1972, kuhusu binti anayerudi kijijini na mimba kutoka mjini. Ghafla jukwaa likawa linaongea Kiswahili na linasema habari zetu.

Halafu mwaka 1981 kikaanza Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Hiki ni kitu kikubwa kuliko tunavyokipa sifa. Ilikuwa ni kusema kwamba mpiga ngoma ni mtu wa kusomeshwa, kupewa cheti na kuheshimiwa kama fundi mwingine yeyote. Kabla ya hapo, mzazi akisikia mwanaye anataka kucheza ngoma kama kazi, ni vita. Hata sasa, tuwe wakweli, ni vita.

Wasomi walipotoka ukumbini

Hapa ndipo habari inapokuwa tamu. Watu wa idara ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waligundua tatizo walilolijenga wenyewe. Igizo linaandikwa na msomi, linachezwa na wanachuo, linatazamwa na wahadhiri. Mkulima yuko wapi?

Mwaka 1982 wakaenda Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na igizo lililoandikwa tayari. Walikaa na wanakijiji, wakauliza matatizo yao, na moja lililojitokeza ni wanafunzi wa kike kupata mimba. Wanakijiji wenyewe wakalitengenezea maonyesho kwa ngoma zao, wakacheza, halafu wakakaa kujadili. Kumbuka Malya ni Usukumani. Ni watu waleule waliozoea kwamba mtazamaji ndiye mwamuzi. Safari hii badala ya kuamua kikundi gani ni bora, waliamua kuhusu maisha yao.

Kutoka kwenye mawazo ya namna hiyo ndipo mwaka 1996 ukazaliwa mradi wa Tuseme kwenye shule za sekondari, Penina Mlama na Amandina Lihamba wakiwa mstari wa mbele. Mlama ndiye yuleyule Muhando wa Hatia. Wasichana walitumia igizo, wimbo na ngoma kusema yale ambayo darasani hayasemeki: mwalimu anayewasumbua, njaa, kazi za nyumbani zinazomaliza muda wa kusoma. Jina lenyewe linatosha. Baadaye mbinu hiyo ilivuka mipaka ikaenda nchi nyingine za Afrika.

Kwa hiyo yule binti wa Mwese aliyekaa ukumbini akijiona mgeni, huenda shuleni kwao aliwahi kusimama mbele ya wenzake akaigiza kilio chake. Hakujua kwamba kitu kile kilikuwa na historia. Alidhani ni shughuli ya klabu tu.

Ukumbi ni ufunguo, na ufunguo una mwenyewe

Tukitaka kujua kwa nini watu wanagombania majukwaa, tuwaulize Wakenya. Mwaka 1976, ukumbi wao wa taifa ulitoa siku chache tu kwa maigizo ya Kiafrika, likiwemo lile la kesi ya Dedan Kimathi la Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo, huku maonyesho ya kigeni yakipangiwa muda kwa raha zake. Hiyo ni miaka 13 baada ya uhuru, kwenye jengo lililobeba jina la taifa.

Mwaka uliofuata Ngugi akarudi kijijini Kamirithu, Limuru. Wakulima na wafanyakazi wa viwandani wakajenga jukwaa lao la wazi kwa mikono yao, wakacheza igizo la Kikuyu kuhusu ardhi na unyonyaji. Watu walijaa. Serikali ikafuta kibali mwezi Novemba 1977, na Ngugi akawekwa kizuizini siku ya mwisho ya mwaka. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Mtu havunji kitu kisicho na nguvu.

Kwetu haikufika huko, lakini na sisi tulikuwa na mwenye ufunguo. Miaka ya 1980 vikundi vya sanaa vilishamiri Dar. Muungano ilianzishwa na Norbert Chenga mwaka 1980, na mwaka 1992, nchi ikiingia vyama vingi, ikaja TOT ya Kapteni John Komba, chini ya CCM. Onyesho moja lilikuwa na kila kitu: ngoma, sarakasi, kichekesho, kwaya, igizo na taarab ya kufungia. Kumbi zao zilikuwa za baa, wikiendi, watoto kwa wakubwa. Hapo mtazamaji alirudishiwa haki zake. Unacheka kwa sauti, unamjibu mwigizaji, unanyanyuka na noti yako unamtunza mwimbaji huku ukimpiga kijembe jirani yako. Mipasho ya Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano iligawa mji kama Simba na Yanga. Ukiangalia kwa jicho la Katavi, ni Bagika na Bagalu hao hao, ila wamevaa dira.

Baadaye televisheni ikaingia sebuleni. Kaole wakatuonyesha maigizo bure, tena bila nauli, na kutoka kikundi hicho wakatoka mastaa wa filamu kama Steven Kanumba. Kumbi zikaanza kupoa. Mtu akatoe hela ya mlangoni ya nini?

Moto wa Bagamoyo

Mwaka 2002 ukumbi mkubwa wa chuo cha Bagamoyo uliteketea kwa moto. Fikiria chuo cha sanaa bila ukumbi. Mafunzo yaliendelea, tamasha la kila mwaka likaendelea, watu wakicheza pale palipopatikana. Mwaka 2007 chuo kikawa taasisi, TaSUBa, na ukumbi mpya ukajengwa kwa msaada mkubwa wa Sweden, waliokuwa wafadhili wa chuo kwa muda mrefu.

Hapa kuna funzo mbili, moja tamu na moja chungu. Tamu ni kwamba sanaa haikuungua, kwa sababu haikuwa ndani ya matofali. Chungu ni kwamba tulipohitaji kujenga tena, tuliangalia mfuko wa nje. Sisi ambao kila wikiendi tunachangia harusi kwa kadi za "single" na "double", hatukuwahi kuulizana kadi ya ukumbi ni shilingi ngapi.

Sasa wewe na tiketi yako

Turudi kwenye swali la kukaa kimya. Jibu langu ni hili: ukimya wa ukumbini siyo ustaarabu, ni desturi moja kati ya nyingi. Inafaa kwa igizo ambalo mwigizaji ananong'ona. Haifai kwa bugobogobo. Ukiingia mara ya kwanza, sikiliza dakika tano za mwanzo, utajua wasanii wanataka nini kutoka kwako. Wakikuimbia kiitikio, itikia. Wakinyamaza, nyamaza nao. Na kama jirani yako anakucheka kwa kupiga makofi mapema, mwache, huenda kwao hajawahi kuona mtu akimkimbia mchezaji mbovu.

Lakini kuna jambo la maana kuliko adabu. Kinachoamua ukumbi uishi au ugeuzwe kuwa ghala la viti vya plastiki ni nani anarudi mara ya pili. Bagika na Bagalu wanalijua hilo siku nyingi, watu wakihama, ngoma imekufa. Vijana wa mjini tunajaza kwenye vichekesho vya Cheka Tu na matamasha ya Bongo Fleva, sawa kabisa, nako ni jukwaa. Ila igizo la wanachuo likitangazwa kwa buku mbili, watazamaji ni waigizaji wenyewe na wachumba wao.

Na kuna Katavi yenyewe. Mkoa wenye intore, ngoma za Kirundi na mashindano ya Kisukuma una utajiri ambao mji mzima wa Dar hauna. Wazee waliobeba ngoma hizo kuvuka mipaka miaka ya 1960 na 1970 wanapungua kila mwaka. Watoto na wajukuu wao ni raia, wanaongea Kiswahili safi, wanasoma vyuo vyenu, wanakaa hosteli na nyinyi. Asiyewauliza wanachokijua atakuja kukitafuta kwenye video za watu wa nje.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Mwese, usiombe radhi kwa kushangaa. Jumamosi ijayo rudi tena, kaa viti vya mbele. Igizo likiisha, wasubiri waigizaji nje, waulize kama wamewahi kuona ngoma ambayo mshindi wake anachaguliwa kwa miguu. Watakusikiliza. Na likizo ikifika, panda basi la Mpanda na swali moja kwa bibi: nyie mlikuwa mnacheza nini, na nani alikuwa anashinda?

Wewe je, mdau? Onyesho lako la kwanza lilikuwa chini ya paa au chini ya mwembe?